Mkandarasi aliyeigawa nyumba yangu kuukuu ya kupangisha

Nyumba niliyomkabidhi mkandarasi huyu ilikuwa ndogo, ya zamani na ya mpangaji mmoja, nami nilitaka sebule yake pana pamoja na stoo ya nyuma zigeuzwe kuwa makao ya pili yenye mlango, jiko na choo chake.

Namsifu kwa kuwa hakuanza kubomoa. Kwanza alifunua chemba, yaani shimo la kukagulia maji taka, akapima mteremko wa bomba la maji taka na kupanda darini ili ajue ni kuta zipi zinazobeba paa, kisha akanieleza kwamba choo hakiwezi kukaa pale nilipokichora, kwa sababu bomba la milimita 100 huhitaji kushuka takribani sentimita 2.5 kwa kila mita, na kwa umbali ule lingefika likiwa chini ya kina cha chemba yenyewe. Akakihamishia nyuma ya bafu la zamani, na tangu hapo hakijaziba hata mara moja. Nyaya kuukuu, ambazo hazikuwa na waya wa ardhi wa kukinga watu wasipigwe na umeme, alizing'oa zote, na kila upande ukapata swichi kuu na mita yake; mwenye nyumba yeyote aliyewahi kusuluhisha wapangaji wanaochangia bili moja ataelewa nafuu hiyo.

Kasoro yake ilikuwa kwenye ukuta wa kutenganisha makao hayo mawili. Aliujenga kwa matofali, akaupiga lipu vizuri, lakini akaukomesha kwenye dari, huku juu yake kukiwa na uwazi mmoja ambao sauti ingepita kwa urahisi na, jambo lililonitia hofu zaidi, moto na moshi pia. Nilipomhoji alisema kuupandisha ni kazi ya ziada. Sikukubali, kwa kuwa watu wangelala pande zote mbili, na hatimaye aliufikisha hadi kwenye paa na kuziba matundu yote yaliyopitishwa mabomba. Marekebisho hayo yalichelewesha kazi wiki mbili, na vumbi likamsumbua mpangaji ambaye hakuwa amehama.

Ningempa kazi nyingine, ila safari hii mchoro unaoonyesha ukuta huo ukifika kwenye paa ungeambatanishwa na mkataba kabla sijalipa malipo ya awali.