Linglong mtandaoni: nyota nne

Nafundisha mabinti kuogelea, ndiyo maana niliifungua hifadhi hii ya Chuo Kikuu cha Columbia. Linglong lilikuwa jarida dogo la wanawake, likitoka Shanghai kati ya 1931 na 1937. Unalisoma bure, ukurasa kwa ukurasa. Kichina sikijui, ila picha zinajieleza: wasichana wa nywele fupi, mapaja yamejengeka, wanatazama kamera bila haya. Kwa nchi ambayo juzi tu ilikuwa inafunga wasichana miguu kwa vitambaa ili isikue, si jambo dogo.

Ukilisoma, mjue kwanza muogeleaji Yang Xiuqiong. Alitamba kwenye Michezo ya Taifa, Nanjing, 1933, magazeti yakamwita nguva, na jarida jingine la Shanghai, Liangyou, likamweka jaladani. Sifa tamu, lakini uzuri wake uliandikwa kuliko mikono yake inavyokata maji. Hapo ndipo ninapokunja uso. Kwenye Olimpiki ya Berlin 1936 alitolewa mapema. Umaarufu hauongezi kasi majini.

Nyota moja nimeibana kwa sababu bila Kichina makala zenyewe zinakupita. Tumia kompyuta, simu inabana mno. Anzia matoleo ya 1933.