Kamusi ya simu imeshindwa na "turn down"! Usilipie kabla ya kutazama hii

Haya jamani, karibuni tena. Leo ninayo ile programu ya kamusi ya Kiingereza na Kiswahili mliyonisumbua nayo kwenye komenti. Jina silitaji. Hawajanilipa, na kwa haya nitakayoyasema, hawatanilipa. Ukubwa wake na simu inazokubali mtasoma wenyewe. Mimi nimekuja na neno moja: "turn".

Angalieni kioo. Naandika "turn". Geuka, geuza, zamu, kona. Safi. "It's your turn": ni zamu yako. Hata "she turned 30" imeipata, ametimiza miaka 30. Hapo nikasema, eh, hawa watu wamekesha.

Sasa shikeni viti. Naandika: "He wanted a loan but the bank turned him down." Yaani alitaka mkopo, benki ikamkatalia. Someni wenyewe: "Benki ilimgeuza chini." Ilimgeuza chini! Kama godoro!

Ngoja, tusiionee. Nabadilisha: "The bank turned down his request." Ona sasa: "Benki ilikataa ombi lake." Kumbe maana inaijua! Shida ni kwamba kitenzi na kijineno chake vikiachana tu, haivitambui tena. Na Kiingereza hapo hakikupi hiari. Ukitumia "him" au "it", lazima ikae katikati: "turn it down". Ukisema "turn down it" umekosea. Nomino ndiyo yenye uhuru, "turn down the offer" au "turn the offer down", yote sawa. Na watu wakiongea, hiyo "it" haiwatoki mdomoni. Kwa hiyo kamusi inakuacha palepale unapoihitaji.

Bado sijamaliza. Redio inapiga kelele, unamwambia mtu "turn down the radio", punguza sauti ya redio. Hivi vimekaa pamoja kabisa, haina kisingizio. Imetoa nini? "Kataa redio." Nimecheka mpaka nikarudia kurekodi.

Halafu kuna "turn up", na hapa ndipo wanaojifunza wanapoingia mtegoni, maana wanadhani ni kinyume cha "turn down". Kwenye sauti, ndiyo, ni kuongeza. Lakini "he turned up late" ni alitokea amechelewa, na "my keys turned up" ni funguo zangu zimeonekana, tena bila kutafutwa sana. Hazihusiani na kukubali wala kukataa. Programu inasema "aligeuka juu kuchelewa". Sina la kuongeza.

Na sisi hatupaswi kushangaa, maana "piga" tunaifanyia hivyohivyo: piga simu, piga pasi, piga magoti, na hakuna aliyepigwa. Tofauti ni kwamba sisi maana nyingine tunazipachika mkiani mwa kitenzi, kata, katia, katiza. Kiingereza kinakiacha kijineno kikae pembeni, kisha kinaruhusu mtu apite katikati. Aliyetengeneza hii kitu alitakiwa ajue.

Wapinzani wake? Kamusi nzuri ya karatasi inakushinda kwa uzito, lakini ukifungua "turn" unavikuta "turn down", "turn up", "turn out" vimepangwa, na inakuonyesha kipi kinatenganishwa. Na kama "turn" inakutoa jasho, subiri "set". Toleo la 1989 la kamusi kubwa ya Oxford lina vitabu 20, na "set" ndilo lililokula kurasa kuliko maneno yote. Hilo nalitengenezea video yake, Jumamosi, laivu, nije na maswali yenu. Wale mliolalamikia sauti ya video iliyopita, maikrofoni ni mpya, niambieni.

Tuwe wa haki, inasoma matamshi vizuri, na inafanya kazi bila intaneti. Kwa neno mojamoja naendelea kuitumia, siifuti. Ila toleo la kulipia nimelifungua nikaiwekea sentensi zilezile. Matangazo yameondoka, benki bado inamgeuza yule jamaa chini. Pesa yako ibaki mfukoni mpaka warekebishe. Ukiwa na kamusi inayoijua "turned him down", iandike hapo chini, naijaribu na sentensi hizihizi.