Soksi za kubana miguu kwenye ndege: nunueni hizi kabla ya mto wa shingo

Jamani hizi soksi nazisifia kwa moyo wote. Ni zile ndefu za kubana zinazoishia chini ya goti, nilinunua famasi hapa Dar pea yangu na ya mama, tukazivaa Dar mpaka Doha halafu Doha mpaka Houston, kipande ambacho peke yake ni kama masaa 16 umekaa tu. Mama ni mtu mzima na kila akishuka kwenye ndege miguu imejaa mpaka viatu haviingii, safari hii kavaa viatu vyake mwenyewe akatembea mpaka foleni ya uhamiaji bila kushikwa mkono. Kwangu mimi hela yangu imerudi hapo.

Na suala sio kuvimba tu. Ukikaa umekunja magoti muda mrefu damu inatuama miguuni, maana vigimbi ndio vinaisukuma irudi juu na hapo vimelala, sasa damu inaweza kuganda ndani ya mshipa na lile bonge likichomoka likafika kwenye mapafu linaua. Safari ikizidi masaa 4 ndio watu wa afya wanaanza kuongelea hii hatari, na inakua zaidi kwa aliyewahi kuganda damu, aliyetoka kufanyiwa opareshen, mjamzito au aliyejifungua karibuni, mwenye kansa, anayemeza vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni na mwenye uzito mkubwa sana. Cochrane, mtandao wa watafiti wanaochambua tafiti za afya, walikusanya majaribio 12 ya abiria karibu 2,900, waliokutwa na damu imeganda bila dalili yoyote walikuwa 50, na kati yao 47 hawakuvaa soksi, waliovaa ni 3 tu!! Mimi hiyo namba ndo ilinifanya nitoe hela.

Sasa ubaya wake. Kuvaa ni kazi, mama hawezi kuvaa peke yake kabisa, inabidi uigeuze ndani nje mpaka kisigino halafu uvute kidogo kidogo, na Dar kwenye joto ukivaa nyumbani ukae foleni ya daraja la Mfugale unaiva. Bado navaa nyumbani asubuhi miguu haijavimba, ndo inavyotakiwa. Saizi msinunue kwa namba ya kiatu, chukua tepu ya fundi cherehani upime kifundo cha mguu na kigimbi pale penye unene, uangalie jedwali kwenye pakti. Kwa msafiri mzima wa afya iandikwe 15-20 mmHg (kipimo cha nguvu ya kubana), zinazobana kuzidi hapo ni za kuandikiwa na daktari. Halafu ikiwa ndefu usiikunje juu, ule mkunjo unabana kama mpira wa kufungia mboga na unazuia damu uliyotaka ipite.

Mwenye kisukari aliyeanza kufa ganzi miguu, mwenye vidonda au aliyeambiwa mishipa ya kupeleka damu miguuni imeziba asivae mpaka amwone daktari, hapo zinaweza kumuumiza.

Soksi sio ruhusa ya kukaa tu. Mama nilimpa siti ya njiani makusudi, wa dirishani anaona aibu kuamsha watu anaishia kukaa safari nzima, na kila tukiamka tunazunguka mpaka nyuma, tukikaa tunapandisha visigino na kushusha, maji tunakunywa maana hewa ya mle ndani ni kavu mno. Tukikaa mkanda unafungwa hata taa ya mkanda ikiwa imezimwa. Na viatu mvae wakati wa kuruka na kutua, ikitokea mnatolewa kwa dharura huwezi kukimbia na soksi, nazo zinateleza.

Mto wa shingo ulikuwa bei kuliko soksi na mama aliuweka mapajani safari nzima.

Shangazi na baba mkubwa wanaenda Hija, nimeshawapima na nimewanunulia. Ila wanaume angalieni, anayekwenda Makka moja kwa moja akiwa ameshaingia kwenye ihramu (hali ya kuhiji yenye mavazi na masharti yake) soksi haziruhusiwi kwake, mwenye tatizo la damu amuulize daktari na sheikh wake mapema kabla ya safari. Baba mkubwa msafara wao unaanzia Madina kwa hiyo kwenda anavaa bila shida.