Nimekatazwa kucheka kwenye vichekesho

Nyota moja, na hiyo moja nimeitoa shingo upande.

Mimi mtu wa Tanga, naishi Padova mwaka wa kumi na ngapi sijui, kazi yangu jikoni hotelini. Majuzi kundi moja la maigizo la hapa mjini limefungua msimu mpya wa ile michezo ya kale ya Waitaliano ya kuvaa barakoa, commedia dell'arte. Nikamwambia binti yangu, ana miaka tisa, leo twende tukacheke. Tiketi mbili, euro 36. Kwa mtu wa jikoni hizo si hela za kuchezea.

Mlangoni tukapewa kijitabu. Kinajisifu kweli: kwamba hapa hapa Padova, tarehe 25 Februari 1545, waigizaji wanane walitiliana saini mkataba wa kuunda kundi, na humo humo wakaandika watanunua farasi wa shirika wa kubebea mizigo. Kwamba michezo hii ilichezwa sokoni na viwanjani, na waigizaji hawakukariri maneno. Walikuwa na muhtasari tu wa kisa, mengine wakiyatunga papo kwa papo kwa kuwasikiliza watazamaji. Sokoni. Lishikeni neno hilo.

Mchezo ukaanza. Pantalone, mzee wa Venezia, tajiri bahili, pua kama mdomo wa kunguru, mkono haubanduki kwenye kifuko cha hela. Arlecchino, mtumishi wake, viraka mwili mzima, njaa haimwishi. Nikamnong'oneza mwanangu, "Huyu ndiye Abunuwasi wao." Basi ikafika mahali Pantalone anamtafuta amchape, kanyata mpaka nyuma yake, na Arlecchino anatutazama sisi anauliza: bwana wangu kaenda wapi? Anauliza watu, jamani! Ukumbi mzima kimya, hata matangani watu huongea. Nikamjibu, "Yuko nyuma yako!" Mwanangu akaangua kicheko, nami nikaangua. Sisi tumekulia kwa vichekesho vya Mzee Majuto, hatujui kucheka kwa kufunika mdomo.

Mara tochi usoni. Mhudumu wa ukumbi, kajiinamisha kwenye ujia, kidole mdomoni. "Signora, hapa si sokoni."

Si sokoni! Na kijitabu chao ninacho mapajani!

Mimi ningeyameza, nimeyameza mengi nchi hii. Ila mwanangu alijivuta kofia ya koti mpaka machoni akateremka kitini hata nisimwone kichwa. Hapo moyo ulinichemka. Na mjue, kwa Kiitaliano mhudumu wa ukumbi wa maigizo huitwa maschera, yaani barakoa. Barakoa zote za siku ile zilinifurahisha isipokuwa hiyo moja isiyo na ngozi wala nyuzi.

Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo ninapochanganyikiwa. Tochi ilikuwa bado inawaka, na Arlecchino akaiona. Akasimama kwa mguu mmoja. Barakoa yake ni ya ngozi nyeusi, inaishia juu ya mdomo, na kwenye paji kuna nundu kama ya mtu aliyejigonga mlangoni. Ngozi haikunjiki, lakini naapa ule uso ulitabasamu. Wana kichekesho chao cha zamani cha Arlecchino kukamata nzi, kumnyofoa mbawa na kumla. Akakifanya kwa ule mwanga! Akashuka jukwaani, shingo mbele kama kuku aliyeona kumbikumbi, akaunyemelea kwenye migongo ya viti. Akaupiga na kigongo chake cha mbao mbili, kile kinacholia paa! bila kuumiza. Mhudumu akashtuka, mwanga ukaruka kiti cha pili. Paa! Akaubana kwa vidole viwili, akaunyofoa kushoto, akaunyofoa kulia, akautia mdomoni. Na wakati huo huo mhudumu, kwa aibu, akazima tochi. Kaumeza!

Ukumbi ulilipuka. Wazee wenye mitandio ya hariri wanapiga miguu sakafuni. Naye akamwinamia mwanangu, jasho linamdondoka kidevuni, akauliza upya: bwana wangu kaenda wapi? Kofia ikatoka. Mwanangu alipanda juu ya kiti akapiga kelele mpaka mishipa ya shingo ikamtoka, na safari hii hakuna aliyemwambia kitu.

Kipindi cha pili kilizorota. Wale wapenzi wawili, ambao kwa desturi hawavai barakoa, walibembelezana mpaka nikasinzia.

Wakati wa kutoka nilimwendea yule mhudumu. Nilitaka neno moja tu, samahani. Akatazama saa. Najua mtaniambia huyo ni mtu wa ukumbi, kundi halina kosa. Mimi mpishi. Mgeni akijibiwa vibaya mezani, chakula changu ndicho kinachosemwa kibaya, na sijawahi kuruhusiwa kujitetea.

Lakini bila ile tochi lile la nzi nisingeliona. Linaniudhi hilo. Haya, nyota tatu. Yule Arlecchino peke yake tano, na mlango sifuri. Hesabu mtafanya wenyewe.

Msimu unaendelea na Pulcinella wa Napoli. Tiketi nimeshakata. Mwanangu ameomba tukae kando ya ujia, karibu na tochi.