Boxster ya mtumba, moshi mweupe, na fundi aliyekataa kufungua mfuniko

Niseme mapema: kwa hasira niliyonayo, simshauri mtu anunue Porsche Boxster ya kizazi cha kwanza, ile 986 ya 1996 hadi 2004, kama hayuko tayari kuishika kwa mikono yake mwenyewe. Gari lenyewe si baya. Wabaya ni watu wanaolipokea gereji wakiwa na jibu tayari mdomoni.

Dalili ilikuwa moja: moshi. Si ule mchirizi wa asubuhi. Injini hii silinda zake zimelala, kwa hiyo oili kidogo husalia ndani gari likiegeshwa, hasa penye mteremko, na ukiwasha inaungua mara moja inaisha. Huu ulikuwa wingu zito, jeupe lenye ubuluu, linaloning'inia nyuma ya gari na kunuka oili iliyoungua. Fundi akasimama hatua tatu kutoka kwenye gari, mikono mfukoni: "Bosi, hiyo injini imekufa. Tafuta nyingine." Nikamwuliza kama amepima mvuto wa hewa kwenye mdomo wa kujazia oili. Akanijibu mbele ya vijana wake, "Fundi ni wewe au mimi?"

Mdomo wa oili wa Boxster uko ndani ya buti la nyuma. Haudai spana. Unafungua buti, unashika mfuniko, unazungusha. Sekunde kumi. Hakutaka kuzitoa sekunde kumi, lakini alitaka kuuza injini nzima.

Kilichokufa ni kitenganisha hewa na oili, kopo la plastiki lenye utando wa mpira ndani yake. Pistoni zinapofanya kazi, hewa na mvuke wa oili hujaa tumboni mwa injini. Kopo hili hunyonya hewa hiyo, huitoa oili na kuirudisha chini, na hewa iliyobaki hupelekwa kwenye njia ya kuvutia hewa ikachomwe. Utando ndio unaopima mvuto usizidi. Miaka ya joto na mvuke wa oili huukausha, mwisho unachanika. Ukishachanika, mvuto wote wa injini unafika tumboni na kuanza kunyonya oili yenyewe. Ndilo lile wingu. Hewa isiyopita kwenye kipima hewa nayo inaingia kwa mlango wa nyuma, mchanganyiko unakuwa na petroli kidogo, na kisoma kodi za hitilafu kinaweza kukupa P1128 na P1130, kodi zinazolalamikia upungufu huo wa petroli. Ukiona kodi hizo pamoja na moshi, usikimbilie kubadilisha sensa za oksijeni.

Kupima ni hivi. Injini ipate moto, iache ingurume bila kukanyaga mafuta, kisha jaribu kuuinua mfuniko wa oili. Kwenye injini yenye afya unahisi mvuto mdogo, mfuniko unatoka kwa vidole, na mngurumo unabadilika kidogo tu. Kwenye injini yenye utando uliochanika mfuniko umeng'ang'ania kama umegundishwa, na ukifanikiwa kuutoa unasikia mluzi na injini inataka kuzima. Ikifika hapo huhitaji kipimo kingine chochote.

Kama una shaka, chukua hozi nyembamba inayoonyesha ndani, ibandike ukutani kwa umbo la U, tia maji yenye rangi, na upande mmoja uunganishe na mfuniko wa zamani uliotobolewa. Tofauti ya kimo kati ya pande mbili ikiwa karibu sentimita 10 hadi 13, mambo yako sawa. Ikipita 20, kopo limekwisha. Ila kila mkono wa hozi uwe na urefu unaozidi nusu mita, na kipimo hiki usikitumie kabisa pale ambapo mfuniko ulikuwa unang'ang'ania, kwa sababu maji yatapanda na kunyonywa ndani ya injini.

Na gasketi ya silinda hedi, yaani kizibo cha kati ya injini na kichwa chake, ambayo ndiyo kisingizio cha pili cha mafundi wa aina hii? Moshi wake ni mvuke, unapotea haraka hewani, una harufu ya utamu ya kulanti, yale maji ya kupozea injini, na tangi la maji linapungua. Tangi nalo liko humohumo ndani ya buti. Macho yanatosha. Hata ule ute wa njano chini ya mfuniko si ushahidi peke yake. Gari linalotembea safari fupi tu hukusanya unyevu, na unyevu ukichanganyika na oili hutoa ute huohuo.

Jambo moja ambalo yule bwana angepaswa kuniambia na hakuniambia: ukishaona wingu, zima gari. Usiliendeshe hadi nyumbani. Oili ikimezwa kwa wingi, silinda inaweza kujaa, na oili haibanwi kama hewa. Hapo ndipo konrodi, mkono unaosukuma pistoni, hupinda, na maneno yake ya "injini imekufa" yanakuwa kweli kwa sababu ya ukimya wake mwenyewe. Hili ndilo linalonichemsha zaidi ya ule ufidhuli.

Kazi yenyewe sasa, na hapa hasira inahama kutoka kwa fundi kwenda kwa aliyechora injini. Boxster haina boneti juu ya injini, ambayo imejificha nyuma ya viti. Unafungua paa nusu, unainua sehemu ya nyuma ya turubai, unatoa zulia na kifuniko kilicho chini yake. Betri iko mbele, ichomoe kwanza. Kisha inatoka hozi kubwa ya hewa, throto bodi (mlango wa hewa wa injini), na lile bomba linalounganisha mikono miwili ya kuvutia hewa. Legeza klampu za mipira yake na uusukume mpira pembeni, usivute bomba kwa nguvu. Ukilitoa utakuta dimbwi la oili ndani. Lifute lote, pamoja na throto bodi, na ziba matundu yaliyo wazi kwa kitambaa safi kabla ya kushika kitu kingine. Nati moja ikiangukia humo, hesabu zote zinabadilika.

Kopo limefungwa kwa boliti mbili, nazo hazina shida. Shida ni viunganishi vya hozi vya plastiki, ambavyo kwa umri wake vinavunjika ukivikodolea tu. Bonyeza sehemu mbili zenye mistari kwa wakati mmoja, sukuma ndani kwanza, ndipo uvute. Ukivuta moja kwa moja unabaki na nusu mkononi.

Halafu kuna mpira wa chini, ule wenye mikunjo kama kinanda cha mkono, unaorudisha oili kwenye injini. Klampu yake inaelekea kusikofikika. Kazi yote iliyobaki ni ya mchana mmoja, klampu hii peke yake inaweza kula mchana mwingine. Dawa yake ni bisibisi yenye shina linalopinda na soketi ndogo ya skrubu za klampu, kioo cha mkono, na taa ndogo ya kichwani. Agiza mpira mpya pamoja na kopo, hata kama wa zamani unaonekana mzima, kwa sababu ukishasumbuliwa unachanika kwenye mikunjo na utarudia kila kitu. Wakati wa kurudisha, paka oili kidogo mdomoni mwa mpira, na igeuze skrubu ya klampu upande ambao mkono unafika kabla hujashusha kopo mahali pake. Kisha pitisha kidole mzunguko mzima: mpira ukikunjika upande mmoja, hewa itaingia na kodi zitarudi zilezile.

Boliti ndogo za M6 (zenye kipenyo cha milimita 6) zinatosha kukazwa kwa Nm 10, yaani niutoni-mita 10. Alumini haisamehe.

Baada ya hapo nilimwaga oili. Inaingia zaidi ya lita 8, na usizidishe kipimo, maana oili ikizidi kopo jipya nalo linaanza kuimeza. Nati ya kumwagia Nm 50 na pete mpya ya kuzibia, kikombe cha filta Nm 25. Filta ya zamani ikate, fungua mikunjo ya karatasi, pitisha sumaku. Yule fundi alinitishia pia na beringi inayoshika shafti ya kati ndani ya injini, ambayo ni ugonjwa wa kweli wa injini hizi, lakini beringi haitoi wingu jeupe ikaacha karatasi ya filta ikiwa safi. Inatoa vipande vya chuma vinavyong'aa na vinavyoshika sumaku. Vipande vya plastiki vya kahawia au vyeusi ni vya vishikizi vya cheni, hiyo ni habari nyingine. Karatasi yangu ilikuwa safi. Haikuwa na punje.

Ukiwasha, usishtuke: moshi utaendelea kwa muda, kwa sababu oili iliyokwisha kulowesha ekzosi lazima iungue yote. Wengi hukata tamaa hapo, wakafungua tena kitu kilichokuwa kimefungwa vizuri. Liendeshe taratibu lipate moto kamili, futa kodi, endesha tena.

Nilianza kwa kusema msinunue. Sijui kama bado nasimamia hapo. Sehemu moja ya plastiki na mpira mmoja, na injini iliyohukumiwa kufa inapanda hadi mstari mwekundu bila kukohoa, na sauti ile inapita nyuma ya masikio yako kama hakuna kilichotokea. Gari lenye uwezo huo si baya. Ila kuiweka klampu ile mahali pale bado ni kosa, na sitalibadilisha neno hilo.

Maji kwenye hozi yangu ya ukutani sasa yanasimama kwenye sentimita 12, na mfuniko unatoka kwa vidole viwili.