Huduma ya kutafutiwa babu wa enzi za ukoloni, Mtwara: kwenye kodi wako vizuri, kwenye ardhi shika hela yako

Kila minada ya korosho ikishamalizika, ofisi hii ya watu wawili mjini Mtwara hupata wateja. Kazi yake ni kumfuatilia babu au bibi kwenye majalada ya Mjerumani na Mwingereza, halafu kukuandikia ripoti. Wateja wengi wanatafuta kitu kimoja tu: karatasi inayosema shamba la Kitangari au Mtama lilikuwa la babu yao. Na hapo ndipo pesa nyingi zinapopotea.

Ofisi huanza na ardhi, na ardhi ndiyo hatua ya kwanza unayolipia. Kwa mikoa ya Mtwara na Lindi huo ni mpangilio wa kichwa chini miguu juu. Amri ya Mjerumani ya 1895 iliifanya ardhi yote iliyohesabiwa kuwa haina mwenyewe kuwa mali ya serikali. Walioingia kwenye daftari za ardhi ni wenye viwanja mijini, misheni, na wenye mashamba makubwa kama yale ya katani upande wa Lindi. Mwingereza akaja na sheria yake ya 1923, akairekebisha 1928 ili kuitambua milki ya kimila, lakini milki hiyo haikuhitaji hati. Mkulima wa Kimwera au Kimakonde alilima, akazika, akarithisha, bila jina lake kufika kwa msajili. Basi kama babu hakuwa na nyumba Lindi au Mikindani mjini, wala ukoo haukuwahi kupakana na shamba la mzungu, ikatae hatua hiyo na uwaambie waanze na rekodi za kodi.

Kwenye kodi ndipo wanapoistahili fedha yako. Kodi ya nyumba ilianza kukusanywa 1898, rupia 3 kwa nyumba ya shamba, na miaka ya mwanzo hata mazao yalipokelewa. Hawa jamaa wanajua kuisoma stakabadhi iliyochakaa hata kama mwaka umefutika. Wakiona sarafu ndogo imeandikwa heller, wanajua ni kuanzia 1904, kwa kuwa kabla ya hapo rupia moja iligawanywa kwa sarafu 64 zilizoitwa pesa. Wakiona shilingi, hiyo ni ya Mwingereza, kuanzia miaka ya 1920. Mwenye wake wawili alidaiwa nyumba mbili, kwa hiyo idadi ya nyumba mbele ya jina hudokeza ukubwa wa familia. Ukiwa na stakabadhi kwenye sanduku la bibi, ipeleke kama ilivyo. Usiibandike kwa selotepu wala usiipitishe kwenye mashine ya kulaminishia, maana nyuma yake mara nyingi kuna maandishi ya kalamu.

Jina tupu halitoshi. Kina Hamisi bin Salum walikuwa kila kijiji. Kinachotofautisha ni jumbe (mkuu wa kijiji) aliyemkusanyia kodi na akida aliyekuwa juu ya jumbe huyo, kwa hiyo waulizeni wazee majina hayo kabla ya kuulizia tarehe. Kijiji nacho kitajeni kwa jina la kabla ya Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970, iliyowahamisha watu, kwa sababu lile la leo huenda halimo kabisa kwenye majalada. Babu pia alikuwa na majina zaidi ya moja: la utotoni, la jando, na la dini.

Kasoro kubwa ya fomu yao ni kwamba inauliza baba, baba wa baba, basi. Wamakonde, Wamwera, Wayao na Wamakua hufuata ukoo wa mama. Karani wa kodi aliandika "bin" akamtaja baba, lakini shamba na cheo cha jumbe vilitoka kwa mjomba. Ukijaza fomu kama ilivyo utaletewa mlipakodi sahihi na ardhi ya ukoo mwingine. Andika jina la mjomba wa babu pembeni, kwa herufi kubwa, na usisitize lisomwe. Kesi za baraza kuhusu minazi na mikorosho, ambazo mara nyingi zinaeleza nani alirithi kwa nani, hazitafutiki bila jina hilo.

Ripoti yenyewe ina namba ya jalada na picha ya ukurasa, jambo la kusifiwa. Majalada ya Nyaraka za Taifa pale Upanga, Dar es Salaam, wanayajua, hasa ya Mwingereza. Ya Mjerumani, yale yenye herufi G, wanababaisha. Mwandiko wa mkono wa Kijerumani cha zamani unawashinda, na tahajia pia: Chiwata unaweza kuikuta kama Tschiwata, na "sh" ikiandikwa "sch". Tafsiri yao isomeni mkiwa na picha mkononi. Tena kama babu hakuwa jumbe, akida, askari, mfungwa au mtumwa aliyepewa hati ya uhuru, msitegemee sana kumkuta humo. Majalada ya wizara ya makoloni yaliyoko Berlin, fungu R 1001, yanasomeka bure kwenye mtandao, hivyo msilipie "safari ya Ujerumani" ya mtu yeyote.

Daftari za ubatizo hawazigusi mpaka uwaombe, ilhali Waanglikana walifika Masasi 1876 na Wabenedikto walikuwa Ndanda tangu 1906. Waombeni.

Malipo ni kwa hatua, na hatua isiyozaa kitu hawairudishii pesa. Kwa familia zilizovuka Mto Ruvuma wana uungwana: wanakwambia mapema kwamba kaskazini ya Msumbiji ilikuwa chini ya Companhia do Niassa, kampuni iliyopewa utawala na Ureno, mpaka 1929, kwamba karatasi za huko ni za Kireno, na kwamba hiyo si kazi yao. Ushauri huo hawautozi.