Dawa orijino au jeneriki, uchukue ipi?

Ukifika famasi unaulizwa, ipo ya Ulaya na ipo ya India, nikupe ipi, yaani orijino ya kampuni iliyoivumbua au jeneriki, dawa ileile iliyotengenezwa na kampuni nyingine, na hapo ndo ubishi unapoanza.

Kwenye bei jeneriki inashinda mbali. Mwaka 2001 Cipla ya India walisema watawauzia shirika la Madaktari Wasio na Mipaka (MSF) ARV, dawa za VVU, kwa dola 350 kwa mgonjwa kwa mwaka, wakati za makampuni makubwa zilikuwa zinapita dola 10,000, na muda huohuo kampuni 39 zilikuwa mahakamani zinapambana na sheria ya Afrika Kusini ya kuingiza dawa nafuu, zikajitoa Aprili 2001 baada ya kelele za dunia nzima. Yaani unalipia hatimiliki, haki ya kampuni kuitengeneza peke yake, zaidi ya kidonge, ingawa tuseme ukweli, hela ya utafiti nayo imo humo.

Uhakika sasa. Kiambata, yaani kitu kinachotibu ndani ya dawa, ni kilekile, ila orijino inakupa kitu kilekile kila mwezi, na kwa mtu wa kifafa au anayetumia warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, hilo sio dogo, usirukeruke brandi bila daktari. Jeneriki hakikisha imesajiliwa TMDA, mamlaka ya dawa ya Tanzania. Feki? Hata orijino zinaigizwa.

Upatikanaji, jeneriki, mpaka zahanati za kijijini.

Kwa hiyo kama ni amoksilini ya wiki moja chukua ya bei rahisi ulale. Kama dozi ni ya maisha ongea kwanza na daktari wako, na akikuandikia jina la brandi tu muulize dawa yenyewe inaitwaje, maana wale medrepu, mawakala wa kampuni za dawa, na mabegi yao mlangoni kwake hawakai pale bure.